Mshiriki wa Mia na Ishirini

Kipande cha sabuni kilikuwa kimelowa.

Winnie alikitazama kwa muda bila kukigusa. Kilikuwa kipande cha sabuni ya mche, cha aina ile waliyopewa mahabusu kama shukrani ya kushiriki utafiti. Juzi jioni, alipofunga droo kwa ufunguo, kilikuwa kikavu, na kona zake zilikuwa kali kama zilivyotoka kwenye kisu cha dukani. Sasa kona zilikuwa zimelika. Povu jembamba lilikuwa limekauka pembeni, na juu yake ulikuwa umejiviringisha unywele mmoja mfupi, mweusi.

Chumba kile hakikuwa na bomba. Jengo zima halikuwa na maji tangu Juni, na kuhusu jambo hilo kulikuwa na barua tatu, zote zimejibiwa kwa heshima kubwa.

"Afande Jilala," aliita, "kuna mtu mwingine ana ufunguo wa droo yangu?"

Koplo Jilala, mhudumu wa zahanati ya Gereza la Igalamoyo, alichungulia mlangoni akiwa na boksi la vidonge kwapani. "Droo hiyo hata wewe mwenyewe unaifungua kwa maombi. Kimepotea nini?"

"Hakijapotea kitu. Kimetumika."

"Basi mshukuru Mungu. Hapa vitu huwa vinapotea kabla ya kutumika."

Alicheka peke yake akaondoka. Winnie hakucheka. Alijua sabuni ile ilikuwa ya nani, na mwenye nayo hakuwahi kuzaliwa.

Utafiti wenyewe ulikuwa na jina refu lililochukua mistari mitatu kwenye bango, na ndani ya jina hilo mlikuwa na kifua kikuu, msongamano wa mahabusu na utambuzi wa kisayansi wa washiriki. Kwa lugha ya kawaida, ulitaka vitu vitatu: makohozi, alama ya dole gumba na ridhaa. Makohozi yalikuwa ya kupimwa. Dole gumba lilikuwa la kumwezesha mtaalamu wa alama za vidole kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyejiandikisha mara mbili kwa tamaa ya sabuni. Ridhaa ilitakiwa kwa sababu watu wa maadili huko mjini wanaamini kwamba mtu aliyefungiwa ndani bado anaweza kukataa jambo.

Walihitajika watu mia na ishirini. Winnie, binti wa kijiji cha Sapiwi, mwenye stashahada ya maabara na mkataba wa miezi sita, aliwapata mia na kumi na tisa. Wa mia na ishirini alipata dhamana asubuhi ileile ya kuandikishwa, akatoka getini mbio kabla hata ya kufungwa vifungo vya shati.

Winnie alimpigia Daktari Sylvester, mkuu wa utafiti, aliyekuwa Mwanza kwenye semina.

"Mia na kumi na tisa si sampuli, Winnie. Hayo ni mahudhurio ya kanisani."

"Hawapo, Dokta. Gereza limeisha."

"Gereza haliishi. Angalia vizuri."

Akaangalia vizuri. Alifunga mlango, akawasha tableti, akamtunga mtu.

Jina: Marcelo Ngeleja. Umri: miaka thelathini na moja. Kazi: mkulima. Alikotoka: Mwamapalala. Kosa: wizi wa ng'ombe, kwa kuwa hilo ndilo kosa ambalo pale halimfanyi mtu ainue kichwa. Kwenye kichupa cha makohozi Winnie alitema maji aliyosukutulia mdomo. Kwenye fomu ya karatasi, mahali pa dole gumba, alisita kidogo. Vidole vyake vyote kumi vilishachukuliwa na kitambulisho cha taifa. Basi akavua kiatu, akapaka wino dole gumba la mguu wa kushoto, akaligandamiza pale.

Iliyogoma ilikuwa tableti. Ilitaka namba ya simu ya mtu wa karibu wa mshiriki, na haikutaka namba ya kubuni. Ilituma tarakimu sita kwa mtu huyo, na fomu haikukubali kufungwa mpaka tarakimu zile zisomwe. Winnie akampigia mama yake.

"Mama, kuna ujumbe umeingia kwako sasa hivi. Hebu nisomee namba."

"Ni ile habari ya malipo ya pamba?"

"Ya kazini kwangu. Soma tu."

Mama Nyanjige alikuwa mjane aliyeishi peke yake Sapiwi, na alisoma tarakimu vizuri kuliko herufi. Alizitaja moja moja, kwa sauti ya mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Zilipotimia sita, tableti iliuliza uhusiano wa mtu huyo na mshiriki. Winnie akagusa neno la kwanza kwenye orodha: *Mama*. Fomu ikafungwa kwa mlio mzuri, kama kengele ya baiskeli mpya. Sabuni ya mshiriki huyo akaifungia kwenye droo yake.

Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla ya sabuni.

Kesho yake baada ya sabuni yakaja majibu ya makohozi. Watu kumi na wanane walikuwa na kifua kikuu, na wa kumi na nane katika orodha alikuwa mshiriki namba mia na ishirini. Winnie alisoma mstari ule mara tatu. Maji yale yalitoka kinywani mwake, kwa hiyo alijipima mwenyewe siku hiyohiyo, mara mbili. Alikuwa mzima.

Siku iliyofuata alifika Mzee Luhaga, polisi mstaafu, mtaalamu wa alama za vidole, mtu aliyetambua watu kwa miaka thelathini na mitatu bila kukumbuka jina la hata mmoja. Alikaa dirishani na lenzi yake kuanzia asubuhi. Ilipofika saa saba mchana alijinyoosha mgongo.

"Wote ni watu tofauti," alisema. "Kazi nzuri. Ila huyu wako wa mwisho, huyu Ngeleja..."

Winnie alihisi kidole kikimpoa ndani ya kiatu. "Ana nini, Mzee?"

"Amefanya kazi ya kamba huyu. Kamba za ng'ombe, miaka mingi. Unaona mistari ilivyolika upande mmoja? Mwanaume, mkono wa kulia, na mkono mkubwa kwelikweli."

"Mkono? Una uhakika ni mkono?"

"Binti, wewe jua makohozi. Mikono niachie mimi." Aligeuza karatasi, akaigeuza tena, akaishika dhidi ya mwanga wa dirisha. Uchangamfu ukamtoka kidogo kidogo. "Ila kuna jambo sijawahi kuliona. Mtu akibonyeza kidole, wino unaingia kwenye karatasi kutoka juu. Huu umetokea chini. Kama vile aliyebonyeza alikuwa upande wa ndani."

"Ndani ya nini?"

Mzee Luhaga alikunja lenzi yake. "Mimi nimeombwa kuthibitisha kwamba hajaandikishwa mara mbili. Hajaandikishwa mara mbili. Nitasaini hapo."

Akasaini, akaomba maji ya kunywa, akakumbushwa kuhusu bomba, akaondoka bila kuaga.

Winnie aliamua kunyamaza. Aliifikiria hesabu yake, akaiona nyepesi: wagonjwa kumi na wanane wangeanza dawa, kumi na saba wangeonekana, mmoja asingeonekana, angeandikwa "hakupatikana", na mambo yangeishia hapo. Watu wa namna hiyo wamejaa kwenye ripoti zote za nchi hii na hakuna anayewadai.

Dawa za kifua kikuu pale Igalamoyo zilimezwa hadharani. Kila siku saa nne asubuhi wagonjwa walikaa kwenye benchi refu nje ya zahanati, Jilala akampa kila mmoja vidonge vyake, akasubiri ameze, akaweka alama ya vema kwenye daftari. Baada ya wiki moja Winnie alilifungua daftari. Mbele ya jina la Marcelo Ngeleja palikuwa na vema saba.

"Afande, huyu wa mwisho. Nani anammezesha?"

"Mimi."

"Unamfahamu?"

"Ngeleja? Mpole sana. Hukaa mwisho wa benchi, pale pasipofika jua. Wenzake wanamwachia nafasi."

"Ana sura gani?"

Jilala alitazama benchi lililokuwa tupu muda huo, akakuna shingo.

"Winnie, mimi nina wagonjwa kumi na wanane kwa nusu saa. Ninatazama mikono. Mkono unanyooshwa, naweka vidonge, naweka vema."

"Na uso?"

"Kwani wewe ulipomwandikisha hukumwona uso?"

Winnie alisema ana kazi ya kumalizia, akarudi chumbani kwake.

Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni mwa zahanati ili aone mwenyewe. Jua lilikuwa jeupe, vumbi la kiangazi limetulia, kuku wa mkuu wa gereza wanachakura chini ya bendera, na hakuna kitu katika uwanja ule kilichokuwa na sura ya kutisha. Wagonjwa kumi na saba walikaa na kukohoa kwa zamu. Baada ya yule wa kumi na saba palikuwa na pengo la kutosha mtu mmoja mnene, na baada ya pengo kulikuwa na kivuli cha paa. Na Jilala alipofika pale hakupunguza mwendo, aliinama kama alivyowainamia wengine, na kutoka kwenye kivuli ukanyooshwa mkono. Ulikuwa mkubwa, umepasuka kwenye viungo, wenye kucha safi za mtu aliyeoga kwa sabuni karibuni. Winnie alijaribu kupandisha macho kutoka kwenye kiganja kwenda kwenye kifundo, na kutoka kwenye kifundo kwenda juu, lakini kila alipofika kwenye kifundo macho yalimteleza yakaangukia ukutani, kwenye bango la utafiti lenye mistari mitatu, akayarudisha yakateleza tena, na wakati huo harufu ikamfikia, harufu ya pamba iliyolowa ikafungiwa ghalani hadi ikaanza kupata moto yenyewe kwa ndani, na kikombe cha maji kikanyanyuka, kikainama, kikarudi kitupu, na Jilala akaweka vema, na ndipo Winnie aliposikia mtu akikohoa, si kule mwisho wa benchi bali nyuma yake, ndani ya chumba alichotoka sasa hivi, karibu sana na sikio lake, na baada ya kikohozi ikaja sauti ya upole, kama ya mtu aliyelelewa vizuri:

"Mama hajambo?"

Jioni hiyo Winnie alipiga simu Sapiwi kabla hajavua viatu.

"Nilijua utapiga," alisema mama yake. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Winnie hakuwahi kuisikia. "Mbona hukuniambia kuhusu yule kijana wa zile namba?"

"Kijana gani, mama?"

"Marcelo. Hunipigia kila siku saa tisa. Ananiita mayu, kama mtoto wa nyumbani anavyomwita mama yake. Anakohoa, maskini, anakohoa mpaka simu inanilowa sikioni."

Winnie aliketi sakafuni. "Anasema nini?"

"Ananiuliza habari za hapa. Mlango umeelekea wapi. Kama mbwa yupo. Kama baba yako kweli amefariki."

"Umemwambia?"

"Mtu akiulizia nyumba ya watu kwa adabu utamnyima? Nilimuuliza hiyo simu gerezani anaipata wapi. Akasema ni wewe ulimwandikia." Mama akakohoa, kikohozi kidogo kikavu, akaendelea. "Alhamisi kesi yake inatajwa. Nakuja kumdhamini. Mtendaji wa kijiji kanipa barua ya utambulisho, amegonga muhuri na picha kaibana vizuri kabisa."

"Picha ya nani?"

"Yangu mimi. Wewe vipi leo?"

Kumbe mambo yalikwenda hivi. Karani wa gereza aliona kwenye daftari la dawa jina ambalo halikuwemo kwenye daftari kuu, akafanya kile ambacho karani yeyote mwenye watoto angefanya: alilijaza. Daftari kuu likazaa jalada, jalada likazaa tarehe ya kesi. Na jioni, mahabusu walipochuchumaa uwanjani watano watano ili wahesabiwe, hesabu ilitoka sawasawa, jambo ambalo lilimfurahisha kila mtu.

Winnie alielewa sasa alichokifanya. Kitu kile kilikuwa na jina, kilikuwa na umri, kilikuwa na dawa. Kilichobaki ni nyumba, na siku ya Alhamisi mama yake angetia dole gumba ili kikaishi naye.

Alimpigia mtu wa takwimu, akamwomba amfute mshiriki namba mia na ishirini.

"Mshiriki hafutwi, dada. Anajitoa mwenyewe, kwa hiari, bila kulazimika kueleza sababu. Soma ukurasa wa tatu."

"Hayupo huyo mtu!"

"Kama hayupo, dawa anameza nani?"

Alimpigia Daktari Sylvester, akamwambia ukweli wote, kuanzia kichupa mpaka kidole cha mguu.

"Winnie," alisema Daktari, "sijasikia ulichosema, mtandao ni mbaya. Lakini nimeona majibu ya huyo Ngeleja. Anapona haraka kuliko wote. Wafadhili wamemsifu."

Jumanne Winnie alipanda pikipiki hadi Mwamapalala. Alikuwa amemtoa Ngeleja huko kwa kalamu, akaona labda huko ndiko kwa kumrudisha. Alielekezwa kwa mganga mmoja mama mtu mzima, Mhoja, aliyekaa kwenye nyumba ya bati na cheti chake cha usajili wa tiba asili kikiwa kimetundikwa ukutani, ndani ya fremu, juu kidogo ya mkia wa nyumbu. Mhoja alimsikiliza hadi mwisho akiwa anamenya viazi vitamu vya kukausha kuwa michembe.

"Ngoja nielewe," alisema. "Mmempa jina."

"Ndiyo."

"Mkampa kijiji, mkampa ugonjwa, mkampa na sabuni ya kuogea."

"Ndiyo, mama."

"Na mama mzazi mkampa, akaitikia kwa mdomo wake. Hiyo kazi iliwachukua muda gani?"

"Kama dakika kumi."

Mhoja alitikisa kichwa, na usoni mwake ulipita wivu wa kitaalamu. "Mimi nikitaka kumkalisha jini kwa mtu, nahitaji mbuzi mweusi na siku saba. Na mara nyingine mbuzi anakufa bure." Akaweka kisu chini. "Sikiliza, mwanangu. Masamva ni mizimu ya wazee wetu, tunawajua, wana majina na wana ugomvi wao. Hili si samva. Kuna vitu vinazunguka mbugani havina jina wala ukoo. Havitaki damu, hayo ni mambo ya kwenye video. Vinataka kuwa vya mtu."

"Kitoe, nakuomba."

"Siwezi kumtoa aliyekaribishwa. Mama yako alimkubali kwa mdomo, amkatae kwa mdomo. Asimame mbele yake, amtazame usoni, aseme: sikukuzaa. Basi, litaondoka. Lakini aseme kabla halijavuka kizingiti cha nyumba yake. Likishavuka, usije tena hapa. Nitakuwa nimesafiri."

"Na asipotaka kusema?"

Mhoja alicheka. "Mwanamke gani atashindwa kukana mtoto asiyemzaa?"

Kulikuwa na jambo ambalo Winnie hakumwambia mganga, kwa sababu kwao halikuwa likitajwa. Kabla ya Winnie, mama yake alizaa mtoto wa kiume. Aliishi siku nane, ya tisa akafa.

Jumatano jioni alimkuta mama yake uani Sapiwi, ameketi kwenye mkeka, anachambua choroko. Alimweleza kila kitu. Vidole vya Mama Nyanjige viliendelea kutenga punje mbovu na nzima.

"Kwa hiyo hayupo," alisema mwishoni.

"Hayupo, mama. Nilimtunga. Nilikuwa nakosa mtu mmoja."

"Na kikohozi?"

"Si chake. Sijui ni cha nani."

"Ulimpa miaka mingapi?"

Winnie alitazama choroko. "Thelathini na moja."

"Nani alikwambia uandike hiyo?"

"Hakuna. Ilinijia tu."

"Ilikujia tu," mama alirudia polepole, kama anayehesabu miaka tangu ile siku ya tisa. Akakohoa, safari hii kwa muda mrefu, akafuta mdomo kwa pembe ya khanga. "Haya. Kesho nitakwenda, nitamtazama, nitasema linalopaswa kusemwa. Usilie. Kula ulale."

Mahakama ilikaa saa nne. Karandinga lilifika likiwa na mahabusu kumi na wawili kwa mujibu wa orodha, na askari aliyewashusha aligusa mabega kumi na mawili akahesabu kumi na mawili. Winnie na mama yake walikaa benchi la tatu. Majina yaliitwa, watu walisimama, kesi ziliahirishwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Kisha likaitwa jina la Marcelo Ngeleja, na chumba kilichokuwa na joto la bati na jasho la watu hamsini kikajaa ghafla ile harufu ya pamba iliyolowa, mwanamke mmoja mbele akajifunika pua bila kujua kwa nini, na kizimbani, juu ya ubao wa kushikia, ikatua mikono miwili mikubwa, imetulia, kucha safi, huku karani akisoma, mwendesha mashtaka akisema hana pingamizi, hakimu akiandika bila kuinua kichwa, kwani hakimu alikuwa na mafaili arobaini siku hiyo na katika yote arobaini hakuna lililohitaji uso.

"Mdhamini yupo?"

Mama Nyanjige alisimama na barua yake.

"Wewe ni nani wa mshtakiwa?"

Mama alitoka kwenye benchi, akatembea hadi kizimbani, akainua uso. Katika mambo haya yote, katika zahanati na gereza na ofisi na mahakama, alikuwa mtu wa kwanza kumtazama yule usoni. Winnie hakuweza kuona alichokiona. Aliona tu upande wa shavu la mama yake, na ule mshipa wa shingoni ukipanda na kushuka, na midomo ikianza kutengeneza neno, na yeye mwenyewe pale alipokaa akalitamka kimoyomoyo ili kumsaidia, sikukuzaa, mama, sema sikukuzaa, ni neno moja tu, sema, na muda ukavutika kiasi kwamba kalamu ya hakimu ilifika mwisho wa mstari ikasimama ikimsubiri.

"Ni mwanangu," alisema Mama Nyanjige.

Winnie aliruka akasimama. "Mheshimiwa, huyo mtu hayupo! Hajawahi kuwepo! Mimi ndiye niliyemwandika!"

Hakimu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akamtazama Winnie, kisha akatazama karatasi zake.

"Binti, hapa kwenye jalada yupo. Kaa chini."

Mama akaletewa wino. Akatia dole gumba.

Walirudi Sapiwi kwa bajaji. Dereva aliuliza mara mbili kwa nini imelalia upande wa kulia, akashuka kuangalia tairi, akapanda tena, na baada ya hapo hakusema kitu tena wala hakutazama kioo. Winnie alikaa kushoto, mama katikati. Kulia kwa mama palikuwa na nafasi ambayo upepo haukupita.

"Ulimwona," Winnie alinong'ona. "Siye."

"Najua siye."

"Basi kwa nini, mama?"

Mama Nyanjige alitazama mashamba ya pamba yaliyokwishavunwa, mabua makavu mpaka upeo wa macho. Alizungumza bila kushusha sauti, kama mtu asiyekuwa na cha kumficha yeyote aliyekuwemo mle.

"Wangu alipokufa waliniambia nisilie. Walisema hajapewa jina, bado hajawa mtu. Walimchukua alfajiri wakaenda kumzika, hata mahali sikuonyeshwa. Nikienda kliniki na mimba yako wananiuliza, una watoto wangapi, nasema hakuna, wanaandika hakuna. Kila mahali hakuna." Alikohoa, akasubiri kipite. "Huyu kaandikwa, Winnie. Kaandikwa gerezani, kaandikwa zahanati, kaandikwa kwa hakimu. Na kila palipoandikwa nimeandikwa mimi mama yake. Nikamkane tena kwa mdomo wangu?"

Walipofika, mama alishuka kwanza, akafungua mlango, akausukuma mpaka ukagonga ukuta. Alisimama kando na kuinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mwenye nyumba akimpisha mgeni wa heshima. Mbwa alitoka nyuma ya zizi, akatazama kizingiti, akarudi kinyumenyume hadi kwenye mtaro akalala humo. Ndani, kigoda kilikwaruza sakafu.

Winnie alibaki uani. Barabara kuu ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Dereva wa bajaji alikuwa bado anageuza, na alikuwa anageuza kwa haraka. Ndani alimsikia mama yake akimimina uji kwenye bakuli, akizungumza, akicheka kwa sauti ya chini, kisha akikohoa, na kikohozi hakikuwa tena kile kidogo kikavu, kilitoka chini kabisa ya kifua na kilikuwa na maji ndani yake, na mara tu kilipokoma mtu mwingine akakohoa vilevile, kwa urefu uleule, kama vile anajibu. Dawa ya ugonjwa ule ni miezi sita, kila siku, na lazima awepo mtu wa kumtazama mgonjwa akimeza. Bajaji ikaondoka.

"Winnie!" mama aliita. "Unasimama nje kama mtoza ushuru? Ingia umsalimie kaka yako. Mdogo ndiye anayeanza."

Aliingia. Alipiga goti karibu na mlango, macho yakiwa chini, yametua kwenye mikono miwili mikubwa iliyolala juu ya magoti, akasalimia.

Akaitikiwa kwa upole, kwa lile jina la utotoni ambalo Winnie alipewa na marehemu baba yake, na ambalo hakuwahi kuliandika kwenye fomu yoyote.